Fuata Moshi: Kuisoma Nyumba ya Mkulima ya Bayleaf

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa useremala na ujenzi. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa pale nilipokuwa nikichora ubaoni.)

Assalamu alaikum. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, ahsanteni kwa kunikaribisha. Na nyinyi wanafunzi, nawaona wengine mmetoka karakana moja kwa moja, vumbi la mbao bado liko mabegani. Basi nitasema nanyi kama mafundi wenzangu.

Hapa mezani nimeweka vipande vitatu vya mti. Naomba msiviguse kwanza, tutavifikia.

Mwalimu wenu aliniambia nizungumzie kazi yangu ya Uingereza. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikarabati nyumba za kale za miti, kusini mwa nchi ile. Ningeweza kuwapitisha nyumba kumi kwa picha, mkarudi nyumbani hamkumbuki hata moja. Kwa hiyo nimechagua moja tu. Inaitwa Bayleaf. Si kasri wala si kanisa, na hakuna mfalme aliyelala mle. Ni nyumba ya mkulima. Nimeichagua kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kulisoma jengo, na somo lenyewe lilikuwa la maneno mawili: fuata moshi.

Bayleaf ilijengwa katika parokia ya Chiddingstone, jimbo la Kent, kusini-mashariki ya London. Ukumbi wake na vyumba vya upande mmoja vilijengwa kati ya mwaka 1405 na 1430. Vyumba vya upande wa pili viliongezwa miaka mia hivi baadaye, kati ya 1505 na 1510. Mtaniuliza, miaka hiyo imejulikanaje? Hakuna aliyeandika tarehe mlangoni. Imejulikana kwa mti wenyewe. Mwaloni huongeza duara moja kila mwaka, pana mwaka wa mvua, jembamba mwaka wa ukame. Ule mfuatano wa mapana na membamba ni kama alama za vidole: wataalamu huuchukua kutoka kwenye boriti, wakaulinganisha na kumbukumbu ya miti mingine ya eneo lile, wakajua mti ulikuwa hai miaka gani na ulikatwa lini. Na kwa kuwa mafundi wale walitumia mti ukiwa mbichi, mwaka wa kukatwa mti na mwaka wa kujenga nyumba haviachani sana. Kumbukeni hilo la ubichi.

Katika miaka ya 1960 bonde la Bough Beech liliamuliwa liwe bwawa la maji, na Bayleaf ilikuwa njiani. Wakati huohuo, mtu mmoja aitwaye Roy Armstrong alikuwa amekwisha kuona nyumba za zama hizo zikibomolewa kule Crawley wakati mji mpya ukijengwa, magogo ya miaka mia tano yakaishia motoni. Akawa mstari wa mbele kuanzisha makumbusho ya kuokoa nyumba ambazo hazingeweza kubaki mahali pake. Leo tunaijua kwa jina la Weald and Downland, katika kijiji cha Singleton, jimbo la West Sussex. Bayleaf ilifunguliwa kiungo baada ya kiungo, ikapakiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikasimama tena huko. Ipo mpaka leo, na ukiwa na nauli unaweza kuingia ukakaa kwenye benchi lake.

Sasa twendeni tukasimame mbele yake.

Ukiitazama kutoka uani, utaona paa moja kubwa la vigae vya udongo, refu na kali, limeteremka kutoka pande zote nne. Chini ya paa hilo nyumba ina sehemu tatu. Kulia na kushoto kuna vyumba vya ghorofa, na ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, kama mtu aliyetoa kifua. Katikati ukuta umebaki nyuma, umenyooka kutoka chini mpaka juu bila ghorofa yoyote. Paa halikufuata ukuta kurudi nyuma. Limepita moja kwa moja, na pale katikati ambapo halina cha kukalia limeshikwa na miti miwili iliyopinda kama upinde, mmoja kutoka kila upande. Nyumba za namna hii ni nyingi sana Kent na Sussex, na wataalamu wameziita kwa jina la eneo lile, Weald, neno la kale lenye maana ya msitu. Ndiko mwaloni ulikojaa.

Swali la fundi ni hili: kwa nini pale katikati hakuna ghorofa? Mti ulikuwepo, na mafundi walijua kujenga ghorofa, kwa maana wamejenga mbili, kulia na kushoto. Kwa nini waliacha nafasi kubwa namna ile, kutoka sakafu ya udongo mpaka kwenye kenchi, ile miti inayobeba paa, bila kitu?

Jibu ni moto. Nyumba ile haikuwa na dohani. Moto uliwashwa sakafuni, katikati ya ukumbi, kwenye jiko la wazi, na moshi ukapanda wenyewe. Ukitia dari juu ya moto wa namna hiyo utawaua watu kwa moshi kabla hujaunguza nyumba. Kwa hiyo ukumbi ulijengwa mrefu ili moshi upate pa kukaa. Ulipanda mpaka juu, ukatanda kwenye paa kama wingu, ukawa unapenya taratibu kwenye nafasi za vigae na kwenye vitundu vya pembetatu vilivyoachwa juu kabisa, kwenye ncha mbili za paa. Waliokaa chini walikuwa na hewa ya kupumua. Bibi zetu waliopika jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba ya makuti waliyajua haya bila kufundishwa na mtu: paa likiwa juu na moto ukiwa mkavu, moshi unakaa mahali pake, na tena unafukuza wadudu kwenye paa.

Na madirisha? Hayakuwa na kioo. Kioo kilikuwa cha makanisa na matajiri. Dirisha la Bayleaf ni tundu refu lenye nondo za mti zilizosimamishwa kwa pembe, na ndani yake mna kilango cha mbao cha kufunga. Ukumbi una madirisha pande mbili, mbele na nyuma. Upepo ukitoka upande mmoja, unafunga madirisha ya upande huo na kufungua ya pili, mwanga unapatikana na moto hautibuliwi. Nilimwona mfanyakazi wa makumbusho akifanya hivyo siku ya upepo mkali wa Februari. Alipofunga upande wa kusini-magharibi, moshi uliokuwa umeanza kutushukia ukainuka, ukakaa juu ya vichwa vyetu kama pazia. Sikuwahi kuelewa madirisha ya nyumba ile mpaka siku hiyo. Nilidhani ni ya kutazamia nje.

Moshi uliacha ushahidi. Panda ngazi, ingia kwenye kenchi za nyumba yoyote ya namna hii, tazama makombamoyo, ile miti ya mteremko wa paa, yaliyo juu ya ukumbi. Ni meusi. Sio rangi, ni masizi, yameganda kwenye mti miaka na miaka mpaka yanang'aa. Kisha vuka upande wa pili wa kiambaza, juu ya vyumba vya ghorofa: makombamoyo ni safi, rangi ya mti. Moto haukuwahi kufika huko. Mara ya kwanza nilipofanya kazi kwenye nyumba ya karne ya 15, fundi aliyenifundisha hakuniambia chochote. Alinipa taa akaniambia nipande, nipitishe kidole kwenye kombamoyo. Kidole kikatoka cheusi. Nilikuwa nimegusa masizi ya moto uliowashwa kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Nilikaa kule juu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Sasa tushuke, tuone watu walikaaje.

Unaingia Bayleaf kwa mlango ulio karibu na mwisho mmoja wa ukumbi, na mbele yako unauona mlango mwingine unaotazamana nao, wa kutokea nyuma. Upande huo ndio upande wa chini wa nyumba. Ukutani kuna milango miwili midogo, kila mmoja na chumba chake. Kimoja cha mapipa ya bia, kimoja cha mikate na vyakula vikavu. Upande wa pili wa ukumbi, mbali na milango na baridi yake, ndio upande wa juu. Huko ndiko ilikokuwa meza ya mwenye nyumba. Alikaa na mgongo ukutani, uso kwenye moto, na watu wote wa nyumba wakiwa mbele ya macho yake: mke, watoto, vibarua wa shamba, watumishi. Nyuma yake kulikuwa na chumba chake cha faragha, na juu ya chumba hicho chumba cha kulala, kizuri kuliko vyote, ambacho pembeni kimetokezwa kijumba kidogo cha choo kinachoning'inia nje ya ukuta. Kwa mkulima wa zama zile, choo cha ghorofani kilikuwa fahari.

Hata mti unasema nani ni nani. Upande wa mbele wa ghorofa, panapoonekana na wapita njia, nguzo ndogo za ukuta zimepangwa karibu karibu kuliko zinavyohitajika kwa nguvu. Upande wa nyuma zimeachana. Ule ulikuwa mti wa kuonyesha. Aliyeujenga alitaka jirani ajue kwamba hapa mwaloni haukupimwa kwa kibaba.

Mkulima alipata wapi uwezo huo? Mwaka 1348 na 1349 tauni iliingia Uingereza ikaua baina ya theluthi na nusu ya watu. Ni msiba usioelezeka. Lakini waliobaki walikuta ardhi nyingi na mikono michache, ujira ukapanda, na wakulima huru wa Kent wakaweza kukusanya mashamba. Katika Kent kulikuwa na desturi ya mirathi kugawanywa kwa watoto wote wa kiume badala ya kumpa mkubwa peke yake, na wakulima wake walijulikana kwa uhuru wao. Kizazi cha wajukuu wa waliookoka tauni ndicho kilichojenga Bayleaf. Na walipojenga, walichukua mpango wa jumba la bwana mkubwa, ukumbi katikati, upande wa juu na upande wa chini, wakaupunguza ukawatosha. Mimi nikiingia ukumbini mle naona watu waliofiwa wakaamua kukaa wima.

Haya, useremala. Hapa nitachukua muda, mnisamehe wale mnaosomea uashi.

Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi kwa sababu mbichi unakatika na mkavu unageuka chuma. Wengi wanadhani nyumba hizi zilikula miti mikubwa mikubwa. Sivyo. Oliver Rackham, mtaalamu wa misitu ya Uingereza, alihesabu miti iliyotumika katika nyumba moja ya shamba huko Suffolk, akapata kama 330, na mingi ilikuwa myembamba. Fundi alikwenda msituni na vipimo kichwani, akachagua mti unaokaribia ukubwa wa boriti anayoitaka, akauchonga kwa shoka mpaka ukawa wa mraba. Ukitaka upinde, tafuta mti uliopinda, usiukate ulionyooka. Ile miti miwili inayoshika paa mbele ya ukumbi ilipinda hivyo msituni. Wajenzi wa majahazi kwetu wanalijua hili: taruma, yaani ubavu wa jahazi, hutafutwa kwenye tawi. Na ukiwa karibu na nguzo za Bayleaf utaona alama za shoka na msumeno bado zimo, kila pigo na mwelekeo wake. Unaweza kujua fundi alisimama upande gani wa gogo.

Mti ukishachongwa, haukupelekwa kujengwa. Ulilazwa kiwanjani kwa fundi. Ukuta mzima uliungwa chini, ukajaribiwa, kila kiungo kikaangaliwa, kisha kila mti ukapigwa alama kwa patasi, namba za Kirumi: moja, mbili, tatu. Nne waliandika vijiti vinne, si kile kimoja kabla ya tano, maana boriti huweza kugeuzwa juu chini na nne ikasomeka sita. Halafu wakafungua vyote, wakapakia kwenye mikokoteni, wakaenda kusimamisha. Ndiyo maana Bayleaf iliweza kuhama kutoka Kent hadi Sussex baada ya miaka zaidi ya mia tano. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kuungwa mara moja, kabla mwenyewe hajalala ndani.

Misumari ya chuma haimo kwenye kiunzi. Kuna ulimi, yaani ncha ya mti iliyochongwa ikawa nyembamba, na tundu lake, na msumari wa mti. Lakini sikilizeni jinsi walivyotoboa. Tundu la msumari walilitoboa kwa keekee kwenye mti wa nje. Kisha walipotoboa kwenye ulimi, waliliweka tundu ndani kidogo, milimita mbili au tatu, halikulingana na la nje. Mwanafunzi akiona atasema fundi amekosea. Msumari wa mti, mkavu, uliochongwa kwa kupasuliwa ili uzi wa mti usikatike, ukiupiga unapita kwa kupinda, na katika kupinda unauvuta ulimi ndani ya tundu kwa nguvu ambayo mkono hauna. Baadaye mti mbichi unakauka na kunywea juu ya msumari mkavu. Kiungo kinajikaza chenyewe mwaka baada ya mwaka. Nimewahi kujaribu kung'oa msumari wa namna hiyo wa karne ya 15. Uliivunja patasi yangu, wenyewe ukabaki.

Jingine la kuwashangaza. Zile boriti za sakafu ya ghorofa, leo tungezisimamisha kwa upana wake ili zibebe zaidi. Wao walizilaza bapa, pana kuliko kina. Kwa hesabu zetu wamepoteza mti. Lakini boriti bapa inakaa imara kwenye mwamba, yaani mti uliolazwa chini yake, na haijipindui, na zilipotokezwa nje kubeba ukuta wa juu, uzito wa ukuta ule ulikandamiza ncha, sakafu katikati isilegee. Hivyo ndivyo ghorofa ilivyotoa kifua. Mimi nadhani na fahari ilikuwemo, lakini kazi ilikuwemo pia.

Kuta zenyewe hamhitaji nizieleze sana. Kati ya nguzo kuna fito: zile ngumu za mwaloni zimesimamishwa, na za mti mwembamba unaopindika, heizeli, zimesukwa kupita kulia na kushoto. Juu yake udongo, majani makavu yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, ukandikwe pande zote mbili kwa wakati mmoja ili ukutane katikati. Juu ya hapo chokaa. Nilipomwambia mzee mmoja wa Kiingereza kwamba marehemu babu yangu angeukandika ukuta ule asubuhi moja bila kuuliza swali, alinitazama kama nimempa habari ya jamaa aliyepotea. Na ile rangi nyeusi na nyeupe mnayoiona kwenye kadi za posta ilipendwa sana karne ya 19. Mwaloni wa Bayleaf uliachwa wazi, umekuwa wa kijivu cha fedha.

Basi moshi ulikwenda wapi?

Katika karne ya 16 matofali yakaanza kupatikana kwa watu wa kawaida, na dohani zikaingia mashambani. Padri William Harrison wa Radwinter, Essex, aliandika miaka ya 1570 kwamba wazee wa kijiji chake walitaja wingi wa dohani miongoni mwa mambo matatu yaliyobadilika mno tangu ujana wao. Wazee wale waliona sawasawa. Dohani ikishauchukua moshi, ule urefu wa ukumbi hauna kazi tena. Unaweza kutia boriti, ukapata sakafu ya juu, ukapata vyumba viwili vya kulala mahali palipokuwa na wingu jeusi. Nyumba nyingi za zama za Bayleaf zilifanyiwa hivyo: nguzo zilezile, paa lilelile, lakini ukumbi umekatwa katikati kwa dari. Bwana na mkewe wakahamia kwenye sebule yenye moto wake. Vibarua wakabaki na moto wao. Ule mkusanyiko wa watu wote kuuzunguka moto mmoja ukaisha nchi nzima, na haukurudi.

Makumbusho yaleyale yana nyumba nyingine ya shamba, Pendean, kutoka karibu na Midhurst, ya mwaka 1609. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bayleaf, na nawashauri mwende kwa utaratibu huo. Pendean haikuongezewa dohani. Ilijengwa ikiizunguka. Dohani ya matofali iko katikati, nene kama chumba, na moto pande zake. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na ubavu wa dohani usoni kwako, unageuka kulia au kushoto. Huuoni ukumbi, humwoni bwana mwenye nyumba akikutazama kutoka mezani. Miaka mia mbili kasoro, na mlango wa nyumba umekwisha kubadili maana.

Ilipohamishwa, Bayleaf ilirudishwa ilivyokuwa mnamo 1540, na mabadiliko ya baadaye yakaondolewa. Wapo wenzangu wanaosema ni makosa, kwamba kila kizazi kilichoitia mkono kina haki ya kubaki. Kwa nyumba iliyo mahali pake nakubaliana nao kabisa. Ningeona mtu anaing'oa dohani ya miaka mia nne ili auone ukumbi, ningelala mbele ya ngazi yake. Kwa Bayleaf nasema walifanya sawa, kwa sababu bila ukumbi mmoja wenye moto wa wazi tusingeujua moshi ila kwa vitabu.

Niwaambie jambo linaloniuma mpaka leo. Niliitwa mara moja kutazama nyumba ya shamba, ya watu binafsi, sitaitaja. Mwenyewe alikuwa mtu mwema na aliipenda nyumba yake. Kabla yangu alikuwa ameita mkandarasi asafishe kenchi zisimwangushie vumbi. Mkandarasi alileta mashine ya kurusha mchanga. Nilipopanda na taa yangu, nikapitisha kidole kama nilivyofundishwa, kilitoka safi. Makombamoyo yote, mwanzo mpaka mwisho, yalikuwa ya manjano kama ya jana. Alama za shoka zimelainika, namba za fundi hazisomeki. Mwenye nyumba akaniuliza kwa furaha, je, hapa palikuwa na ukumbi wa moto wa wazi? Sikuwa na cha kumjibu. Labda palikuwa. Masizi ndiyo yaliyojua, nayo yalikuwa yamefagiwa sakafuni na kutupwa kwa viroba. Na ukutani, udongo ulikuwa umetolewa ikapigwa saruji. Saruji haipumui, maji yakiingia kwenye ufa hayatoki, yanashuka mpaka kwenye mwamba wa chini, ule mti unaobeba ukuta, na kuuozesha. Nilichoma kisu kwenye mwamba ule kikazama mpaka kwenye mpini. Uchafu mnaouona kwenye kazi ya kale, wanangu, ulizeni kwanza ni wa nini.

Nafupisha, maana naona mwalimu anatazama saa. Mtu akiwaambia kwamba nyumba hizi zilijengwa kwa mbao za merikebu zilizovunjwa, msimwamini: hadithi hiyo imeenea sana Uingereza, nami niliiamini mwaka mzima kwa sababu natoka pwani na ilinifurahisha. Yale matundu matupu kwenye boriti, yasiyo na kiungo, kwa kawaida ni ya kiambaza kilichoondolewa au ya nyumba nyingine ya zamani ambayo mti wake ulitumiwa tena. Mti wa merikebu umepinda kwa namna yake na una chumvi. Fundi wa jahazi hadanganyiki na hadithi hiyo.

Sasa vipande vyangu vitatu.

Hivi ni mfano, nimevichonga mwenyewe kwa mwaloni, robo ya ukubwa. Kimoja ni nguzo, kimoja ni mwamba unaolala juu ya ukuta, kimoja ni mtambaapanya unaovuka nyumba kutoka ukuta hadi ukuta. Majina yote matatu mnayo. Katika kila pembe ya Bayleaf vitatu hivi vinakutana mahali pamoja, na hakuna mwenye kukubali kukatwa nusu kwa ajili ya mwenzake. Tazameni nguzo: kichwa chake ni kinene kuliko mwili. Hiyo ni sehemu ya shina iliyo karibu na mizizi. Fundi aliugeuza mti, mizizi ikaenda juu, ili unene ule upatikane pale unapohitajika. Kwenye kichwa kuna ndimi mbili, moja ya chini kidogo inaingia kwenye mwamba, moja ya juu inaingia kwenye mtambaapanya. Na mtambaapanya nao umekatwa chini yake, ukapanuka kuelekea nje, ukalala ndani ya mwamba kiasi kwamba kuta mbili za nyumba haziwezi kuachana hata paa likizisukuma.

Nguzo inabeba, mwamba unalala, mtambaapanya unafunga. Kwa utaratibu huo, na si mwingine, ukianza na mtambaapanya umekwama. Matundu ya msumari nimeyatoboa yasilingane, kama walivyofanya wao, na misumari mikavu iko kwenye kikopo. Nyundo ya mti hii hapa. Dada uliyekaa mbele, wewe mwenye penseli sikioni, njoo uanze, na wawili wa nyuma yako waje wakushikie nguzo.